Wacheni Kumwaga Gundi

Leo sina picha ya matatu mpya ya kuwaonyesha. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya gundi.

Najua mnacheka. Kuna bei ya unga, kuna karo, kuna mambo ya kazi, halafu huyu jamaa wa Kapkatet anaamka asubuhi kulia juu ya gundi. Sawa, chekeni. Mkimaliza mnijibu swali moja: ni nani alituambia kwamba modeli ikimwagiwa gundi nyingi ndio inakuwa imara? Hiyo kauli nimeisikia nyumbani, nimeisikia kwa wasee tunaotengeneza nao modeli, na mwezi uliopita akaambiwa mdogo wangu akiwa amesimama mbele ya darasa na gurudumu mkononi. Ni uongo, na unatugharimu pesa, vidole, mapafu na kazi za watoto.

Msimamo wangu nauandika wazi ili mtu asije akasema sikueleweka. Gundi inaunganisha vipande ambavyo tayari vinakaa pamoja. Kama havikai, tatizo liko kwa kisu chako, na hakuna tyubu itakayokusaidia. Tumia gundi kidogo. Kidogo kuliko unavyofikiria. Halafu ukishapunguza, punguza tena.

Sasa kisa chenyewe, na mkosaji ni mimi.

Mdogo wangu yuko gredi ya nane. Waliambiwa watengeneze, kwa vitu vilivyotupwa, kifaa kimoja kinacholeta pesa kwao nyumbani. Wengine walitengeneza mizinga ya nyuki, wengine jiko. Yeye akachagua lori la majani chai, lile la kupita vituoni kuchukua majani, mifuko ikiwa imening'inizwa ndani kama popo. Alilifanyia kazi wiki tatu. Kichwa cha lori alikikata kutoka kwa makasha ya CD za zamani za mathe, zile za nyimbo za injili. Madirisha yalitoka kwa chupa ya maji. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya soda, sita, akavipaka rangi nyeusi na kuchora nati moja moja kwa kalamu nyeupe. Mifuko aliishona mwenyewe kwa vipande vya gunia. Skeli yake ilikuwa 1/24, yaani kila sentimita moja ya modeli ni sentimita 24 za lori la kweli. Mimi nilisaidia kupiga hesabu tu. Mengine yote yalikuwa yake.

Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka, alikuwa ameshikanisha karibu kila kitu kwa selotepu, anajaribu kuona kama vipande vinakaliana. Alikuwa anafanya vile inafaa. Ndio nikaingia mimi, bingwa wa familia, mtu wa video. Nikatoa tyubu mbili za supa gluu, nikavaa glavu ya pamba, nikamwambia akae kando aone. Nilimwaga kila pembe, ndani na nje. Alipouliza kama haijazidi, nikamjibu eti gundi hainunuliwi iwekwe akiba. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu saa nane mchana, kwa hiyo tulikuwa tumefunga madirisha yote.

Mambo matatu yalitokea. La kwanza, tone moja kubwa liliangukia glavu yangu, na kabla sijaelewa kidole kikaanza kuungua. Si kuwasha, kuungua. Bado nina alama ukubwa wa shilingi moja. La pili, asubuhi madirisha ya lori yalikuwa meupe kama kioo cha bafu. Huwezi kuona usukani aliokaa siku mbili akiutengeneza. La tatu, akiwa amelibeba mbele ya darasa, gurudumu moja likaanguka. Halafu la pili. Akaokota moja, akasimama nalo.

Mwalimu wake hakuwa mbaya. Alimsifu. Halafu akamwambia, "Kazi nzuri, lakini wakati mwingine uweke gundi ya kutosha."

Gundi ya kutosha! Lile lori lilikuwa na tyubu mbili nzima. Lilikuwa na gundi kuliko lilivyokuwa na lori.

Niliporudi kutafuta nilikosea wapi, nikagundua kwamba kila kosa la usiku ule lilikuwa na maelezo, na maelezo yote yalinielekeza upande mmoja. Wacha niwapitishe.

Supa gluu kwanza. Hii kitu iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1942 mkemia wa Kodak huko Marekani, Harry Coover, alikuwa katika kundi lililokuwa linatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea bunduki. Wakapata kitu kinachonata kwa kila kilichokigusa, wakakiacha kwa sababu kilikuwa kero. Mwaka 1951 Coover na mwenzake Fred Joyner wakakirudia, wakaona kumbe ile kero ndio faida. Kufika 1958 kikawa sokoni.

Jina lake la kikemia ni sianoakrilati, na kitu kimoja watu wengi hawakijui ni kwamba haikauki kama rangi inavyokauka. Inagandishwa na unyevu. Kile kiunyevu kidogo kilichoko hewani na juu ya kipande chako ndicho kinaigeuza kuwa ngumu. Sasa fikiria mwenyewe. Ukiweka utando mwembamba, unyevu unaufikia wote na unaganda mara moja. Ukiweka bonge, ngozi ya nje inaganda, ya katikati inabaki maji maji. Wewe unaona imeshika, kumbe ndani bado ni uji. Ndiyo maana tone dogo hushika kuliko tone kubwa. Si maneno yangu, ni vile gundi yenyewe inafanya kazi.

Na ile isiyoganda haraka inatoa mvuke. Mvuke unapanda, unakutana na unyevu, unarudi chini kama unga mweupe juu ya kila kitu kilicho karibu. Hapo ndipo madirisha ya mdogo wangu yalipoenda. Hewa ikiwa na unyevu mwingi na imetulia, weupe unazidi. Sasa niambie, kuna mahali Kenya penye unyevu kama huku kwetu? Kericho mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Majani chai yanapenda hiyo hali, modeli haipendi. Video unazotazama zimerekodiwa na mtu anayeishi jangwani Arizona au kwa chumba chenye mashine ya kukausha hewa. Wewe uko Litein, saa kumi jioni, wingu limekaa juu ya bati. Tone linalomtosha yeye kwako linaweza kuwa nyingi.

Na glavu? Supa gluu ikikutana na pamba inaganda kwa kasi na kutoa joto. Joto la kuchoma. Ningeweka tone dogo kwa ncha ya kijiti cha meno singekuwa na kovu.

Tuje kwa magurudumu, kwa sababu hapo ndipo yule mwalimu alipokosea, na mimi kabla yake. Vifuniko vya soda vimetengenezwa kwa plastiki za jamii moja na jerikani na ndoo: polietilini na polipropilini. Hizo plastiki ngozi yake ni kama imepakwa mafuta. Supa gluu haizishiki. Gundi ya modeli haizishiki. Unaweza kuzamisha kifuniko ndani ya gundi usiku kucha, asubuhi kinabanduka kama gamba la yai. Kwa hiyo pale shida haikuwa kiasi. Tyubu ya tatu isingesaidia, wala ya kumi. Lakini mtoto ameenda nyumbani akijua kwamba alifeli kwa sababu aliweka gundi kidogo. Hilo ndilo linaniuma. Amefunzwa kitu ambacho si kweli, na mwakani atamwaga zaidi.

Geuza kipande chako uangalie chini. Ile pembetatu ndogo yenye namba ina habari yote. Namba 2 ni polietilini ngumu, namba 4 ni polietilini laini, namba 5 ni polipropilini. Ukiona hizo, weka gundi chini, chukua waya, spoki, uzi, au toboa kwa msumari wa moto. Namba 6 ni polistireni. Hiyo ndiyo plastiki ya modeli za kununua, ndiyo ya makasha ya CD, na ndiyo ya ule mwili angavu wa kalamu ya Bic. Kifuniko cha hiyo hiyo Bic ni polipropilini. Mtu wangu, una maabara nzima mfukoni: mwili wake unashika, kifuniko hakishiki. Fanyia mazoezi kalamu zilizoisha wino kabla hujagusa modeli.

Na hiyo namba 6 ina gundi yake ambayo hata si gundi kwa maana ya kunata. Ni kimiminika kinachoyeyusha plastiki. Kingo mbili zinalainika, zinaingiliana, kimiminika kinapaa hewani, zinabaki kitu kimoja. Ni kama welda anavyounganisha vyuma. Hii nilijifunza kwa uchungu pia. Binamu yangu anayefanya kazi Doha aliniletea seti ya ndege ya Spitfire, skeli 1/72, mbawa zikiwa ndogo kuliko kiganja. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikamua ile tyubu yake kama dawa ya meno, nikabana mbawa, nikaenda kulala. Asubuhi bawa moja lilikuwa limelegea kama unga wa mandazi, na alama ya kidole changu gumba imezama katikati. Ipo hadi leo. Gundi ilikuwa imeshaunganisha kingo, ikabaki na nguvu, ikaendelea kula plastiki. Gundi nyingi haikuongeza uimara pale. Ilikula ndege.

Siku hizi natumia ile nyembamba kama maji, kwa brashi. Unabana vipande vikiwa vikavu, unagusa ncha ya brashi kwenye ufa, na kimiminika kinakimbia chenyewe kufuata ufa mpaka mwisho, vile mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Mguso mmoja. Ukiona kimekataa kukimbia, maana yake ufa ni mpana, vipande havijakaliana. Rudi kwa msasa. Gundi yenyewe inakuambia kama umekata vizuri. Ukimwaga nyingi, unaifunga mdomo.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu watu wa modeli wanapenda kusema "ni detail". Ukiwa na lori la 1/24 na ukaacha mshipa wa gundi wa milimita 2 kwenye mlango, umeweka uvimbe wa milimita 48 kwenye lori la kweli. Karibu sentimita tano! Umewahi kuona mlango wa lori wenye mshipa mnene kama mhindi unapita kutoka juu hadi chini? Hata fundi wa kunyoosha bodi aliye na haraka ya Krismasi hawezi kukurudishia gari hivyo. Kwa ndege ya 1/72, tone la milimita 1 ni uvimbe wa zaidi ya sentimita 7. Rubani angeruka nalo aende wapi? Modeli ni kudanganya jicho liamini kwamba kitu kidogo ni kikubwa. Gundi ikionekana, uongo umeshikwa.

Sasa nasikia wale wa kunijibu. Nawajua, ni marafiki zangu, na wana hoja.

Hoja ya kwanza: "Buda, wewe unaongea mambo ya seti za kununua. Sisi tunakata jerikani na katoni kwa wembe. Vipande vyetu haviwezi kukaliana kama vya kiwandani. Gundi ndio inajaza." Naielewa, mimi mwenyewe nakata kwa wembe. Lakini kujaza ni kazi moja na kuunganisha ni kazi nyingine. Unganisha kwanza, kwa tone dogo. Ikishashika, jaza ufa. Nyunyiza baking soda kidogo kwenye ufa, gusa kwa supa gluu kidogo, inakuwa ngumu kama jiwe papo hapo na unaweza kuipiga msasa. Au jaza kwa kipande chembamba cha plastiki. Ukiunganisha na kujaza kwa mmwago mmoja, hakuna kati ya hizo mbili uliyofanya.

Na ukweli ni kwamba wengi wetu hatuna tatizo la wembe, tuna tatizo la haraka. Tunaacha kupiga msasa dakika kumi kwa sababu tunajua tyubu iko. Ndiyo maana nasema gundi nyingi ni uvivu uliovaa koti la nguvu. Nimelivaa, najua linavyokaa.

Hoja ya pili: "Modeli yangu inapanda matatu hadi shuleni. Isipokuwa na gundi ya kutosha itafika vipande." Hapa nenda stegi yoyote, hata hapo Kapsoit, umwangalie fundi wa pancha. Anakwaruza tyubu ya pikipiki. Anapaka solusheni utando mwembamba. Halafu anangoja. Mwenye pikipiki anaruka ruka, ana mteja, yeye anangoja tu mpaka ikauke isinate kidoleni. Ndipo anabandika kiraka na kugonga. Ile tyubu itabeba watu watatu na gunia la viazi kwenye barabara ya mawe. Utando mwembamba, umekwaruzwa vizuri, ukangojewa. Fundi akikupakia solusheni nyingi na kubandika ikiwa mbichi, utasukuma pikipiki kabla hujafika Sosiot. Huyo mzee hajawahi kutengeneza modeli, lakini anatushinda sote.

Modeli inayosafiri inahitaji mifupa. Weka kipande cha ndani kwenye pembe. Ingiza kijiti. Pitisha waya. Supa gluu ina nguvu ikivutwa moja kwa moja, lakini ikigongwa au kubanduliwa kutoka pembeni inakatika kama biskuti. Kuongeza gundi ni kuongeza biskuti.

Hoja ya tatu ni ya wakongwe, na hii nakubali nusu. Wanasema ukiunganisha nusu mbili za mwili wa ndege, unataka plastiki iliyoyeyuka itoke jasho kidogo kwenye mshono, halafu uipige msasa, mshono upotee kabisa. Kweli. Hapo kidogo sana ni kosa, kwa sababu utaacha ufa. Lakini oneni neno lenyewe: jasho. Uzi mwembamba unaotoka sawasawa kwa urefu wote. Hawakusema mafuriko. Na huwezi kupata jasho sawasawa kama hujajua kuweka kidogo.

Kuna jambo lingine ambalo hatulizungumzii kwa sababu linatia aibu. Kuna siku nilituma mdogo wangu dukani mjini anunue gundi ya modeli na mwenye duka akakataa. Alimwangalia juu hadi chini, akamwambia arudi na mzazi. Nilikasirika. Baadaye nikamwelewa. Sote tumewaona vijana wa mtaani na chupa ya gamu chini ya pua. Ile gamu ya viatu na gundi zetu nyingi zina ndugu zao ndani: vimiminika vinavyopaa na kuingia kichwani. Hili si la Afrika tu. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Testors iliamua kuweka mafuta ya haradali kwenye gundi yake ya modeli ili ikivutwa ikere pua, kwa sababu watoto walikuwa wanaivuta.

Sasa wewe si chokoraa na hujakusudia kuvuta chochote. Lakini umefunga madirisha kwa sababu ya mvua, umeinama sentimita kumi juu ya modeli, na umemwaga tyubu mbili. Mapafu hayaulizi nia yako. Usiku ule mdogo wangu alikohoa na macho yakamtoka machozi, nikamwambia ni usingizi. Tone dogo lina mvuke mdogo. Fungua dirisha, hata kama ni baridi ya Kericho, vaa sweta. Na usifanye hiyo kazi karibu na jiko au koroboi, zile za kuyeyusha zinashika moto. Vidole vikinatana usivivute. Loweka kwa maji vuguvugu na sabuni, taratibu vitaachana. Asetoni ya kutoa rangi ya kucha inasaidia kwa ngozi, lakini ikidondokea modeli ya polistireni, utalia. Inaiyeyusha.

Nikiangalia vizuri naona hii tabia tumeitoa mahali fulani, na watu wa kwetu tungekuwa wa mwisho kuwa nayo. Kogo wangu alichuna majani miaka mingi. Alitufundisha tukiwa wadogo: majani mawili na kichipukizi. Mtu mvivu anavuta na lile jani gumu la tatu na la nne ili kikapu kijae na mizani ipande. Anafika kituoni, karani anamimina, anachambua, anamrudishia. Kilo zilikuwepo, chai haikuwepo. Kila mtu kuanzia Kericho hadi Bomet anaelewa hilo bila kuelezwa. Halafu tukienda kwa mradi wa shule tunahesabu kilo. Modeli kubwa, rangi nyingi, gundi nyingi, alama nyingi.

Kwa walimu, na nasema kwa heshima kwa sababu najua darasa lina watoto hamsini: msimpe mtoto alama kwa sababu kitu hakitikisiki. Mwulizeni alikiunganishaje. Mwulizeni kwa nini gurudumu lilitoka. Mdogo wangu angeulizwa hilo swali, darasa lote lingejifunza kuhusu plastiki siku hiyo, bila kitabu. Kwa wazazi na makaka na madada wakubwa: ule usiku wa mwisho, wekeni tyubu chini. Ile kazi ni ya mtoto. Mimi niliharibu wiki tatu za mtu kwa nusu saa kwa sababu nilitaka kuonekana najua.

Basi ni gundi kiasi gani? Nawapa jibu langu, mkiwa na bora leteni. Jaribu vipande vikavu kwanza. Kama huwezi kuvishikilia kwa selotepu vikakaa, haviko tayari. Supa gluu: mimina tone juu ya kipande cha plastiki usichokihitaji, chovya kijiti cha meno, uguse. Tone lenye ukubwa wa kichwa cha pini linatosha kipande cha ukubwa wa ukucha. Gundi nyembamba ya polistireni: mguso mmoja wa brashi, acha ikimbie, usirudie mpaka uhesabu hadi thelathini, kisha ulale na kuliacha mpaka asubuhi. Gundi ya tyubu: usikamulie juu ya modeli, paka kwa kijiti. Madirisha: gundi nyeupe ya maremala, utando mwembamba pembeni, inakauka bila rangi na haina ule mvuke. Ile ya kuyeyushwa kwa bunduki ya umeme: ndani tu, mahali pasipoonekana. Vifuniko, ndoo na jerikani: sahau gundi.

Ukifuata hivyo tyubu moja ya supa gluu itakutengenezea modeli nne. Mimi naipata kwa shilingi hamsini. Tyubu mbili za usiku ule zilikuwa shilingi mia moja, na kwetu hiyo si pesa ya kumwagia madirisha.

Mdogo wangu alilijenga upya lori wakati wa likizo. Nilikatazwa kugusa, nikakaa kando. Magurudumu hayana hata tone. Alitoboa vifuniko katikati na kupitisha spoki za baiskeli, akakunja ncha. Madirisha ni ya gundi nyeupe na usukani unaonekana. Pembe za kichwa ameziwekea vipande vidogo kwa ndani. Tyubu aliyoitumia bado inafanya kazi, iko kwa droo.

Alipomaliza alimpelekea kogo. Kogo macho yake si mazuri siku hizi, akalisogeza karibu na dirisha, akachungulia ndani, akagusa mifuko kwa kidole mmoja mmoja. Halafu akaliweka mezani na kulisukuma kidogo. Likaenda.